Safari ya Cheti: Mafunzo ya Ualimu wa Kiingereza Ng'ambo na Darasa la Afrika Mashariki, 1927–1995

Utangulizi

Historia ya ufundishaji wa Kiingereza katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya sera. Huulizwa ni lugha ipi ilipangiwa kufundishia darasa lipi, ni tume ipi iliyopendekeza mabadiliko na ni serikali ipi iliyoyakataa. Mwalimu huonekana humo kama mtekelezaji, akitajwa katika aya ya mwisho pale sera inaposhindwa. Insha hii inaanzia kwa mwalimu mwenyewe, hasa yule aliyevuka bahari ili arudi na cheti kilichotambuliwa, na inahoji safari hiyo ilimpa nini ambacho darasa lilikihitaji na nini ambacho darasa halikukihitaji.

Hoja inayotetewa ni kwamba mafunzo ya ng'ambo yalifanya kazi zaidi kama chemchemi ya hadhi na mamlaka kuliko kama chemchemi ya maarifa ya darasani. Aliyesafiri aliporudi, kwa kawaida alipangwa katika shule ya sekondari, chuo cha ualimu, ofisi ya ukaguzi au wizara, na si wachache walioishia katika siasa. Lakini mtoto wa Kiambu, Tabora au Masaka alikutana na Kiingereza kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu huyo hakupanda meli. Mgawanyo huu wa kazi kati ya aliyekwenda na aliyebaki ndio unaoeleza mambo mengi ambayo kwa kawaida hutupiwa sera peke yake.

London na maarifa yaliyotoka kwingine

Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa sera ya elimu kwa himaya zake za Afrika ya kitropiki. Waraka huo uliipa lugha ya wenyeji nafasi kubwa katika madarasa ya mwanzo na kusisitiza kwamba elimu ilingane na mazingira ya watu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1927, chuo cha ualimu kilichoitwa London Day Training College kilianzisha kozi maalumu kwa waliojiandaa kufundisha katika makoloni. Mwaka 1932 chuo hicho kikageuka kuwa Taasisi ya Elimu ya Chuo Kikuu cha London, na kozi ile ikakua kuwa idara kamili. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa zaidi Waingereza, yaani maofisa wa elimu na wamisionari waliokuwa njiani kuja Afrika na Asia. Waafrika waliokuja kusoma hapo waliongezeka polepole, hasa katika kipindi cha Margaret Read, mwanaanthropolojia aliyetafiti maisha ya Wangoni wa Nyasaland, ambaye aliiongoza idara kuanzia mwaka 1940 hadi 1955.

Miaka hiyohiyo ndiyo ufundishaji wa Kiingereza kwa wasiokuwa Waingereza ulipoanza kuwa fani yenye jina. Lakini maarifa yaliyofundishwa London hayakuzaliwa London. Harold Palmer aliyakusanya Tokyo, alikoongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1923. Lawrence Faucett, aliyeendesha katika Taasisi ya Elimu kozi ya mwanzo kabisa ya aina hiyo mwaka 1932, alikuwa amefundisha China. Michael West alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu mjini Dhaka, na kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu ujuzi wa lugha mbili kilitokana na shule za Bengali.

Inafaa kukaa kidogo na West, kwa sababu swali lake ndilo ambalo Afrika Mashariki ililihitaji zaidi. West aliona kwamba watoto wengi wa Bengali waliacha shule mapema, kabla ya kufikia kiwango chochote cha Kiingereza chenye manufaa. Akauliza: mtoto anayetoka shuleni baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu anaondoka na nini mkononi? Jibu lake lilikuwa kwamba kusoma kutangulie kuzungumza, kwa vitabu vyenye msamiati mchache uliopimwa, ili hata anayeishia njiani abaki na kitu. Hili ni swali la mwalimu wa shule maskini. Linamwanzia mtoto atakayeondoka, wala halimwanzii yule mmoja atakayefika chuo kikuu. Vitabu vya West vilienea katika makoloni mengi, lakini swali lake halikuenea navyo. Vitabu vilifika kama bidhaa, vikatumika katika shule zilizopangwa kwa ajili ya mtihani wa Cambridge, yaani kwa ajili ya wale wachache hasa ambao West hakuwawazia kwanza.

Kilichoshika nafasi ya juu katika mafunzo kilikuwa matamshi. Daniel Jones wa University College, London, aliyechapisha kamusi yake ya matamshi ya Kiingereza mwaka 1917, aliifanya fonetiki kuwa taaluma ya heshima, na lafudhi aliyoieleza, ya Waingereza waliosoma katika shule za bweni za watu wa tabaka la juu, ikawa kipimo. Kwa mwalimu kutoka Afrika Mashariki fonetiki ilikuwa na faida halisi, kwani ilimpa msamiati wa kueleza kwa nini wanafunzi wake walichanganya irabu mbili ambazo lugha zao hazizitofautishi. Hata hivyo kipimo hicho kilibeba jambo jingine. Kilimweleza mwalimu kwamba Kiingereza kilichokuwa kinywani mwake ni nakala, na kwamba nakala hupimwa kwa umbali wake kutoka kwenye asili.

Palikuwa pia na tatizo la mazoezi ya kufundisha. Popote mazoezi hayo yalipofanyika katika shule za Uingereza, mwanafunzi wa ualimu alisimama mbele ya watoto ambao Kiingereza ni lugha ya jikoni kwao. Angeweza kujifunza nidhamu ya darasa, maandalizi ya somo na matumizi ya picha. Hakuweza kujifunza namna ya kumwingiza katika Kiingereza mtoto asiyekijua hata neno moja, tena akiwa na wenzake hamsini na kitabu kimoja. Jambo hilo alilazimika kuligundua upya baada ya kurudi.

Koinange: kwenda kwenye chemchemi na kurudi na maji mengine

Kisa cha Peter Mbiyu Koinange hakimo katika historia ya fani hii kwa maana finyu. Hakusomea ufundishaji wa Kiingereza kama somo. Lakini hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi namna mafunzo ya ualimu ng'ambo na kiu ya Kiingereza nyumbani vilivyofungamana kisiasa.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufanya kazi katika Taasisi ya Hampton, Virginia, na tume iliyasifu mafunzo ya kazi za mikono ya Hampton kama mfano unaofaa kuigwa kwa Mwafrika. Mwaka 1927 Koinange, mtoto wa chifu kutoka Kiambu, alikwenda Hampton yenyewe. Angerudi kutoka hapo angekuwa uthibitisho wa tume. Badala yake aliendelea hadi Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, kisha Columbia mjini New York alikosomea elimu, akapitia Cambridge, na kurejea Kenya mwaka 1938 akiwa na shahada ambazo mfumo wa elimu wa koloni haukuwa umezipangia nafasi.

Alichokikuta nyumbani kilikuwa harakati za shule huru za Wagikuyu zilizopata nguvu baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya wamisionari na waumini wao kuhusu tohara ya wasichana. Shule hizo zilijengwa na wazazi kwa michango yao, na miongoni mwa mambo waliyoyadai ni Kiingereza, tena mapema. Msimamo wa serikali ulikuwa kuanza na lugha ya mama katika madarasa ya chini, na walowezi wengi walipendelea Mwafrika azungumze Kiswahili cha shamba kuliko Kiingereza cha ofisi. Msomaji wa leo, aliyezoea kuona utetezi wa lugha ya mama kuwa ni utetezi wa Mwafrika, hana budi kulitazama hili kwa uangalifu. Katika Kiambu ya miaka ya 1930 mzazi aliona kinyume chake. Kwake kucheleweshwa kwa Kiingereza kulikuwa kufuli, na aliyelishika ufunguo hakuwa yeye.

Shule huru zilikosa walimu. Mwaka 1939 Koinange na wenzake wakaanzisha Chuo cha Ualimu cha Kenya huko Githunguri. Hapa safari ya ng'ambo ilitumika kwa njia isiyo ya kawaida: aliyesafiri hakurudi kuingia katika ukaguzi wala katika shule ya wateule, bali alijaribu kuyageuza mafunzo yake kuwa chuo cha kuwafunza wale ambao hawangesafiri kamwe. Chuo kiliendeshwa kwa michango, kwa vifaa vichache na bila kibali cha dhati cha serikali, na ubora wake ulitofautiana mwaka hadi mwaka. Itakuwa kosa kukipamba. Lakini wazo lake, kwamba mwalimu wa darasa la kwanza ndiye anayepaswa kufikiwa na elimu iliyoletwa kutoka mbali, halikupata mwingine wa kulibeba kwa nguvu hiyo kwa muda mrefu.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Shule huru zikafungwa na Githunguri pia. Majengo yake yakageuzwa kuwa mahali pa kufungia na kunyongea watu. Koinange alikuwa Uingereza tangu mwaka 1951, alikopeleka malalamiko ya ardhi, na akabaki uhamishoni. Shule zilizokuwa zimedai Kiingereza mapema zilipofunguliwa tena chini ya usimamizi wa serikali, Kiingereza kilipewa nafasi kubwa zaidi kuliko hapo awali. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi wakati wa mabadiliko hayo, ameeleza namna watoto walivyoadhibiwa kwa kuzungumza Kigikuyu. Lugha ileile iliyodaiwa na wazazi ikarudi kwa watoto wao ikiwa na fimbo.

Shahada moja, mishahara miwili

Kama hadhi ndiyo iliyotafutwa ng'ambo, basi ni haki kuuliza ilipatikana kwa kiasi gani. Katika utumishi wa serikali za Afrika Mashariki ilikuwapo kanuni iliyojulikana kwa hesabu yake: Mwafrika mwenye sifa zilezile alilipwa sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, iliitetea kanuni hiyo. Iliondolewa tu baada ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1953–54. Kwa hiyo mwalimu aliyesoma katika ukumbi mmoja na Mwingereza, akafanya mtihani mmoja na kupata cheti kimoja, alirudi nyumbani akakuta cheti chake kimepunguzwa thamani bandarini.

Eliud Mathu, aliyesoma Fort Hare huko Afrika Kusini, kisha Exeter na Chuo cha Balliol, Oxford, alirudi kufundisha Alliance, shule iliyokuwa juu kuliko zote kwa Waafrika wa Kenya. Mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni hilo. Julius Nyerere alipata stashahada ya ualimu Makerere, ambako alisoma kati ya mwaka 1943 na 1945, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Katika shule ya Mtakatifu Fransis, Pugu, alifundisha historia, Kiingereza na Kiswahili, lakini mwaka 1955 aliacha kazi hiyo kwa ajili ya TANU.

Katika kisa cha Nyerere kuna jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka. Ualimu aliusomea Kampala. Edinburgh hakwenda kusomea kufundisha. Ufundi wa darasani ulipatikana karibu, na jina likapatikana mbali. Aliporudi, Kiingereza chake kilizaa matunda yake makubwa zaidi nje ya somo la Kiingereza, katika tafsiri zake za Shakespeare, ambapo alipima kama Kiswahili kingeweza kuubeba mzigo huo. Si mbaya kusema kwamba darasa la Pugu lilipoteza mwalimu wa Kiingereza na fasihi ya Kiswahili ikapata mfasiri.

Kwa kanda nzima mwelekeo ulikuwa huohuo. Waliosafiri walipandishwa au waliondoka, na sababu haikuwa tamaa. Mfumo ulikuwa na watu wachache mno wenye shahada kiasi kwamba kumwacha mmoja wao afundishe darasa la nne kungeonekana kuwa ufujaji.

Makerere, Januari 1961

Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ufundishaji wa Kiingereza ulikuwa umepata taasisi zake. British Council, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilikuwa na jarida la walimu tangu mwaka 1946. Taasisi ya Elimu ya London ilikuwa na uprofesa wa fani hiyo uliokaliwa na Bruce Pattison. Mwaka 1957 Edinburgh ilifungua Shule ya Isimu Matumizi chini ya Ian Catford. Mkutano wa Elimu wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Oxford mwaka 1959 ulipendekeza kikao cha wataalamu kuhusu Kiingereza kama lugha ya pili, na kikao hicho kikafanyika Makerere, Januari 1961, miezi kumi na moja kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Taarifa ya mkutano huo ilisomwa sana katika vyuo vya ualimu. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1992, Robert Phillipson aliyafupisha mawazo yaliyoibuka humo kuwa kanuni tano na kuziita zote potofu: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzungumzaji mzawa, kwamba kuanza mapema ni bora zaidi, kwamba wingi wa Kiingereza huleta wingi wa ujuzi, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza hushuka.

Wachambuzi wengi wameijadili kanuni ya kwanza na ya tano kwa sababu zinagusa nafasi ya Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Kwa historia ya mwalimu aliyesafiri, kanuni ya pili ndiyo nzito. Ikiwa mwalimu bora ni mzawa wa lugha, basi hakuna safari, hata ndefu namna gani, inayoweza kumfikisha Mwafrika. Anaweza kwenda London mara tatu na kurudi kila mara akiwa karibu zaidi na asili bila kuwa asili. Mafunzo ya ng'ambo yakawa deni lisilolipika. Na kwa upande wa pili, ile sifa aliyokuwa nayo peke yake, yaani kumbukumbu ya kujifunza Kiingereza akiwa mtoto asiyekijua, pamoja na ujuzi wa lugha ya wanafunzi wake, haikuhesabiwa kuwa sifa. Kwa kanuni ya kwanza iligeuzwa kuwa kishawishi cha kuepukwa.

Phillipson ameshutumiwa kwa kuutwisha mkutano mmoja uzito mkubwa mno, na shutuma hiyo ina ukweli. Kanuni hizo zilikuwapo kabla ya mwaka 1961. Makerere iliziandika tu mahali pamoja. Lakini wakati wa kuziandika una maana yake. Ziliandikwa wakati ambapo serikali mpya zilikuwa karibu kurithi shule, na zilirithi pamoja nazo imani kwamba mamlaka ya mwisho juu ya somo hilo yako nje.

Wageni wanakuja kusomea ualimu Kampala

Mwaka huohuo wa 1961 safari ikageuza mwelekeo. Mpango ulioitwa Teachers for East Africa, uliosimamiwa upande wa Marekani na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, ulianza kuleta Wamarekani na Waingereza kufundisha katika shule za sekondari za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Shule zilikuwa zikifunguliwa kwa kasi kuliko uwezo wa kanda kuzijaza walimu wenye shahada, na wageni hao walifundisha Kiingereza pamoja na historia, hisabati na sayansi.

Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni mahali ambapo baadhi yao walisomea ualimu. Wahitimu wa vyuo vikuu wasiokuwa na ujuzi wa kufundisha walipelekwa Makerere kuchukua stashahada ya elimu kabla ya kupangiwa shule. Yaani mzungumzaji mzawa wa Kiingereza, ambaye kwa kanuni ya mkutano wa Januari alikuwa mwalimu bora kwa kuzaliwa, alisafiri kwenda ng'ambo ili afunzwe kufundisha, na ng'ambo hiyo ilikuwa Kampala. Mazoezi yake aliyafanya katika madarasa ya aina ileile ambayo angeyakuta baadaye. Kwa kipimo cha kulingana kwa mafunzo na kazi, kijana wa Ohio au Yorkshire aliyefunzwa Makerere alikuwa na maandalizi bora kuliko mwalimu wa Tabora aliyefunzwa London.

Hilo lingeweza kufungua mjadala kuhusu mahali ambapo ujuzi wa kufundisha Kiingereza kwa Mwafrika ulikuwa ukitengenezwa hasa. Halikufungua. Makerere ilionekana kama suluhisho la upungufu wa nafasi, na stashahada ya Uingereza iliendelea kuhesabiwa juu yake.

Nchini Kenya somo jingine lilikuwa likifundishwa kwa gharama kubwa. Kituo maalumu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1957 kilibuni njia ya kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kiasia. Njia hiyo ilifanikiwa pale ambapo walimu walitembelewa, waliongozwa na kupewa vifaa. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono Kiingereza tangu mwanzo wa shule, na njia hiyo ikasambazwa nchini kote kwa haraka iliyoshinda uwezo wa kuwafunza walimu. Mwalimu wa kijijini alipewa kitabu cha mwongozo na kozi fupi, akaambiwa afundishe hesabu, sayansi na hadithi katika lugha ambayo yeye mwenyewe aliipata kwa taabu. Koinange, ambaye katika miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru aliwahi kuwa Waziri wa Elimu, sasa alikuwa upande wa wizara.

Tanzania: wachache waliosafiri na wengi waliobaki

Mwaka 1967 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Kiingereza kikabaki somo, kisha kikageuka ghafla kuwa lugha ya kufundishia masomo karibu yote mwanafunzi alipoingia kidato cha kwanza. Chuo Kikuu mjini Dar es Salaam kilikuwa kimeanza kutoa shahada pamoja na elimu tangu mwaka 1964, hivyo mwalimu wa sekondari hakuhitaji tena kuvuka bahari ili apate shahada. Safari zilizobaki zilikuwa za ngazi ya uzamili, nazo ziliwafikia zaidi wakufunzi, wahadhiri na wakuza mitaala.

Wakati huohuo shule ya msingi ilikuwa ikipanuka kwa namna isiyowahi kuonekana. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu kazini, kwa masomo ya redio, posta na usimamizi wa walimu wa karibu, ili kutimiza lengo la elimu ya msingi kwa wote. Walifanya kazi ambayo taifa haliwezi kuwalipa. Lakini Kiingereza chao kilikuwa kile walichokipata darasani wakiwa watoto, na sasa walitakiwa kukifundisha. Umbali kati ya mwenye shahada ya isimu matumizi kutoka Edinburgh na mwalimu wa darasa la tatu huko Kasulu ulikuwa mkubwa kuliko wakati wowote wa ukoloni.

Matokeo yalionekana sekondari. Utafiti wa Penina Mlama na May Matteru, uliofanywa kwa ajili ya BAKITA na kuchapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba wanafunzi hawakuielewa lugha waliyofundishiwa na kwamba walimu walilazimika kutumia Kiswahili ili masomo yaeleweke. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo.

Mwaka 1984 Clive Criper, mwanaisimu wa Edinburgh aliyewahi kushiriki utafiti wa lugha nchini Uganda, pamoja na William Dodd, walipima hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania. Walikuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie. Tafsiri ya kawaida ya tokeo hilo ingekuwa kwamba Kiingereza hakiwezi kufundishia. Waandishi walipendekeza kinyume chake: Kiingereza kiendelee, na kiimarishwe. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kusaidia ufundishaji wa lugha hiyo kwa fedha za Uingereza, ulioleta wataalamu, vitabu vyepesi vya kusoma na mafunzo ya walimu kazini. Wanazuoni wa Tanzania, Casmir Rubagumya na Martha Qorro wakiwa miongoni mwao, waliueleza mradi huo kuwa ni bandeji juu ya jeraha lisilosafishwa.

Vitabu vile vyepesi vinastahili neno la haki. Vilikuwa karibu kabisa na wazo la West la mwaka 1926: msamiati mchache, hadithi zinazosomeka, mtoto asome mwenyewe. Wazo hilo lilikuwa limetoka Dhaka, likapita London na kufika Tanzania baada ya miaka 60. Lilielekezwa sekondari, kwa wale waliokwisha kuchujwa. Darasa la tatu, ambako idadi kubwa ya watoto ilikutana na Kiingereza na kuachana nacho, lilibaki nje ya mradi.

Katika miaka ya 1990 ruhusa ya kufungua shule binafsi ilizaa shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza katika Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Wamiliki wake walihitaji walimu wa madarasa ya chini wanaokimudu Kiingereza, na vyuo vya ualimu vya ngazi hiyo nchini havikuwa na wa kuwapa. Waliwaajiri kutoka Kenya na Uganda. Walifika kwa basi kupitia Namanga na Mutukula, wakiwa na vyeti vya vyuo vya wilaya ambavyo havikuwahi kutajwa katika taarifa ya mkutano wowote, na kazi waliyopewa ilikuwa kumfundisha mtoto wa miaka sita neno lake la kwanza la Kiingereza.